Jina la Daraja la Lwangulo

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, bali zamani ambayo mashahidi wake wangali hai, palikuwa na mji uitwao Isambile, na mto Lwangulo uliugawa mji huo mapande mawili. Ng'ambo ya juu vilisimama vyuo vitatu: cha ualimu, cha uuguzi na cha ufundi. Ng'ambo ya chini palikuwa na soko, hospitali na stendi. Daraja la magari lilikuwa mbali, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwa hiyo wanachuo walivuka kwa kuruka juu ya mawe. Masika moja, binti wa uuguzi aliyekuwa akiwahi zamu hospitalini aliteleza, na mto haukumrudisha.

Hapo mji ukaazimia kujenga daraja la waenda kwa miguu.

Sasa ijueni desturi ya Isambile. Waashi wa huko hawaweki jiwe la kwanza la daraja mpaka lichongwe jina la mtu mmoja aliye hai. Mtu huyo ndiye atakayevuka wa kwanza, na ukoo wake ndio utakaolitunza daraja. Ubao ukilegea, kila mtu anajua abishe hodi wapi.

Kamati ikakaa. Mkuu wa ualimu akasema, "Lianzie langoni kwangu." Mkuu wa uuguzi akasema, "Langoni kwangu." Mkuu wa ufundi akasema vivyo hivyo. Vikapita vikao tisa, na kila kikao malango matatu.

Katika kikao cha tisa akainuka Sekela, mwanachuo wa ualimu aliyewawakilisha wenzake.

"Shikamooni, wazee wangu. Mmeyasikiliza malango. Je, miguu mmeiuliza?"

"Miguu ina mdomo?" akadhihaki Mwenyekiti Kasyupa.

"Haina, Mwenyekiti. Ndiyo maana sharti mtu akae aitazame."

Akashuka mtoni na gunia la maharage. Akaketi juu ya mwamba, mahali ambapo vivuko vyote vinne vya mawe vilionekana, akapanga vikapu vinne. Kila aliyevuka, harage moja. Jua likawaka, akahesabu. Manyunyu yakaja, akahesabu. Mtihani wa muhula ukampita, akahesabu, na mwaka mzima wa masomo ikabidi aurudie. Siku ya sitini akavileta vikapu mbele ya kamati. Vitatu, vya mbele ya malango, havikufika nusu. Cha nne kilifurika.

Kivuko hicho cha nne kilitokea uani kwa Bi Subilaga, mjane aliyeishi ng'ambo ya chini, kwani kukata uani kwake ndiyo njia fupi ya sokoni.

"Nyinyi watoto wa serikali," alizoea kuwafokea, "mmemaliza vitabu, sasa mnamaliza na nyasi zangu."

Kamati ikayatazama maharage, ikakubali, na Bi Subilaga akautoa ua wake.

Ikaja zamu ya Lwitiko, mchoraji wa halmashauri. Wapimaji wa huko hupima mito mwezi wa Agosti, maana mwaka wa serikali huanza Julai, na Agosti barabara huwa kavu. Lwitiko naye akapima Agosti, akachora, kamati ikapiga makofi. Lakini kabla hajatia sahihi, alirudi ukingoni mara moja zaidi, akaona gunia kuukuu limenasa matawini, juu kabisa ya kichwa chake. Hakuna mtu aliyelitundika. Ni maji.

"Tia sahihi, kijana," akasema Kasyupa. "Mchoro wako, mkono wako. Kama ni kalamu, nitakuazima."

"Mwenyekiti, nimeupima mto uliolala. Nitangoja uamke."

Akaachishwa kazi. Masika yakaja, akajifunga kamba kiunoni, ncha yake mtini. Mto ukapanda, akapima. Magogo yakapita, akapima. Kamba ikamchuna ngozi, akapima. Kisha akachora upya mara saba, na mchoroni daraja likainuka kwa kimo cha watu wawili. Kamati ikaona haya, ikaupitisha mchoro.

Lakini daraja refu lataka ngazi ndefu, na ngazi hizo hazikuishia tena uani. Ziliishia katikati ya nyumba ya Bi Subilaga. Lwitiko akaenda mwenyewe kumwambia.

"Ua niliwapa," akasema mjane. "Sasa mnataka na kitanda?"

"Nimechora mara saba, mama. Mara zote saba ni kitandani."

Halmashauri ikasema kwamba taratibu za kumhamisha zingechukua miaka mitatu. Bi Subilaga akauliza masika mangapi yamo ndani ya miaka mitatu. Akajibiwa. Asubuhi yake akapanda juu ya paa la nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Mabati yakashuka, akabomoa. Majirani wakamsihi, akabomoa. Ukabaki msingi, nao akaung'oa, akahamia chumbani kwa dada yake.

Kiwanja kikawa wazi. Fundi Angolile, mkuu wa waashi, akaja na nyundo na tindo lake la kuchongea mawe. "Zimebaki wiki tatu masika yaanze," akasema. "Nipeni jina."

Sekela akasema, "Mimi nilionyesha mahali. Bila mimi daraja lingesimama langoni kwa mkubwa, na watu wangeendelea kuruka mawe."

Lwitiko akasema, "Mahali bila kimo ni mauti. Daraja la Agosti lingesombwa na masika ya kwanza, pamoja na walio juu yake."

Bi Subilaga akasema, "Huyu ametoa mwaka, na mwaka mwingine utakuja. Huyu ametoa kazi, na kazi nyingine itapatikana. Mume wangu hajengi tena. Jina lisipokuwa langu, nani atajua kwamba pale palikuwa kwetu?"

"Mama, bila hesabu yangu ungekuwa na nyumba yako hadi leo," akasema Sekela.

"Naam, mwanangu, nawe ungekuwa na maharage yako."

Kasyupa akakohoa. "Binti, maharage hayajengi daraja. Lwitiko, kosa ulilosahihisha lilikuwa la nani? Nawe mama, masika yale binti alipoteleza, nani aliziba ua kwa miiba, wasichana wakaenda kuvukia kwenye utelezi?"



"Hayajengi," akasema Sekela. "Lakini nyie mlishindwa hata kuanza."

"Lilikuwa langu," akasema Lwitiko. "Ndiyo maana nililitafuta."

"Ni mimi," akasema Bi Subilaga. "Ndiyo maana sikungoja miaka mitatu."

Mkuu wa uuguzi akashauri yachongwe majina yote matatu. Fundi Angolile akatikisa kichwa. "Ubao utalegea. Mtu atabisha kwa wa kwanza, aambiwe nenda kwa wa pili. Atabisha kwa wa pili, aambiwe nenda kwa wa tatu. Na watu watakuwa wanavuka."

Wingu limekwisha kushuka mlimani. Fundi amepiga goti, tindo liko mahali pa herufi ya kwanza, nyundo imeinuliwa. Nanyi mliosikiliza tangu mwanzo, msimwambie kwamba wote walistahili, maana jibu hilo ameshalikataa. Aliyeonyesha mahali, aliyelisaka kosa lake mwenyewe, au aliyebomoa kwao: je, ni nani astahiliye jina, ili nyundo ishuke?