Amina Tatu Chini ya Bawa

Hapo zamani, na si zamani sana, Jumamosi ya tarehe nane Februari, saa tatu asubuhi, bawa la kushoto lilikunjika angani na Wakesho akawa mjane.

Mumewe, Mwandoe, alikuwa ameunda ndege kwa mfano wa zile za kwanza za vita, zilizopita juu ya nyika ya Taita Waingereza walipopigana na Wajerumani. Mabawa yalipandana, moja juu ya jingine, mbao, waya na kitambaa tu. Wenzake walikuwa Righa seremala, Mghoi mshonaji na Mwakio fundi wa waya. Desturi yao ilikuwa moja: kabla ya kuruka, kila mmoja hugusa kazi yake na kusema, "Amina." Isiposemwa na wote, ndege hairuki. Siku ile walisema wote.

Sasa jeneza lilikuwa sebuleni. Katika ukoo wa Mwandoe, aliyechangia kifo habebi maiti. Watatu wale wakaja kubeba. Wakesho akasimama mlangoni. Mbona hawatazamani?

"Righa, ulipogusa mbao ulisikia nini?"

"Ulilia, shemeji. Ubao ulilia. Lakini jana yake niliposita, marehemu alisema nina moyo wa kuku, watu wakacheka. Nikaona haya. Nikasema Amina."

"Haya yako ndiyo imetuleta hapa!" Mghoi akadakia.

"Na wewe, Mghoi?"

"Mshono ulifumuka kidogo, dada. Upana wa kidole. Injini inanguruma, watu wanapiga vigelegele, ningesema nini?"

"Upana wa kidole. Kidole cha nani?"



Mwakio hakungoja kuulizwa. "Mimi nilifunga waya wa ziada bawani. Akaniambia, 'Kata! Ile ya vita haikuwa nao. Unaunda ndege au uzio wa mbuzi?' Nikakata. Ndege ilikuwa yake, mama."

"Ukijua bawa halitashika bila waya huo?"

"Nikijua."

"Kwa hiyo marehemu amejiua?" Righa akauliza.

"Sikusema hivyo!"

"Umesema."

Wakesho akawatazama mabegani, mmoja mmoja. Labda kulikuwa na jingine wanaloficha. Nje, katekista alikuwa ameanza wimbo, na wazee wa ukoo wakisubiri neno la mjane, nani abebe na nani asibebe.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, mwambieni Wakesho: Je, ni nani kati yao hakustahili kumbeba Mwandoe?

Nawe Bwana, uliyemwona akianguka, mpokee. Msamehe ukaidi wake, mpe pumziko lisilo na mwisho. Amina.