Baiskeli ya Nyamizi na Mahakama ya Ng'ambo

Sogeeni, lakini mje mmeshiba. Hadithi hii inakera, na mwenye njaa anaweza kuitupia jiwe.

Huko Itumbiko, Unyamwezini, walikuwapo watu watatu. Nyamizi, muuza karanga, hakuwa na nguvu miguuni tangu utotoni, ila mikono yake ilitwanga kuliko ya mtu yeyote. Mihayo, fundi wa kuchomelea, chuma kilimtii. Anselm, kijana wa Ulaya aliyekuja kujitolea katika shirika la Tusogee, alijua kuchora mashine.

Anselm alichora baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendeshwa kwa mikono. Gia za kufaa zikakosekana. Akaifungua baiskeli yake mwenyewe, aliyokuja nayo kwa ndege, akazitoa.

Mihayo alikosa chuma. Akakikata kitanda chake cha chuma. Mkewe alinuna, wakalala chini.

Nyamizi ndiye aliyeijaribu. Ilimwangusha mpaka bega likateguka.

"Usukani uko juu mno," aliwaambia huku akiugulia. "Mnamtengenezea twiga?"

Wakaushusha; bega lilipopona akaijaribu tena, ikaenda. Siku hiyo Nyamizi alifika sokoni bila kutambaa, akalia kwa furaha mbele ya wateja wake.

Muda wa Anselm ukaisha. "Naichukua nikaioneshe kwetu," alisema. "Wafadhili wakiiona, zitatengenezwa nyingi."

Mihayo akaja juu. "Ikiondoka, nitaunda nyingine kwa kutazama nini? Ibaki kwenye karakana yangu!"

"Na mimi nirudi kutambaa?" akauliza Nyamizi.

Wakaenda kwa Bi Felista, mkuu wa shirika. Naye akatoa mkataba wake na Anselm: mgogoro wowote juu ya kazi ya mjitoleaji utaamuliwa na mahakama ya kwao Anselm. Bi Felista alikuwa ameuazima mkataba huo kwa shirika rafiki la Ulaya akabadilisha majina tu, kama mtu anayeazima gauni la harusi bila kulipima.

"Mpaka mahakama hiyo iseme, baiskeli ikae stoo," akasema, akafunga kufuli.

Nyamizi alipandwa na hasira. "Mama, baiskeli iko Itumbiko. Bega limeteguka Itumbiko. Mimi sikutia dole gumba kwenye mkataba huo. Nitafikaje mahakama ya Ulaya, mtu ambaye hata soko linanishinda?"

"Mkataba ni mkataba, mwanangu," alijibu Bi Felista bila kumtazama.

Nyamizi akatambaa hadi kwenye baraza la kijiji. Wazee wakampa pole, wakasema shauri hilo si lao. Anselm aliona haya, lakini dai lake hakulifuta. Mihayo naye hakulegeza msimamo.

Basi amueni nyinyi. Kuna aliyetoa gia za baiskeli yake, aliyelala chini, na aliyeteguka bega. Baiskeli ni ya nani? Na mwenye haki ya kuamua hilo ni hakimu wa ng'ambo au watu wa Itumbiko?

Je, wewe ungeamua vipi? Jibu upesi. Nyamizi yuko njiani kwenda sokoni, na magoti yake yanachubuka.