Babu wa Mbaruku Bondeni

Serikali ilipotangaza fidia kwa wenye mashamba bondeni, mahali pa kujengwa bwawa la maji, tajiri Mbaruku alijenga kaburi katika shamba la mjane Sikudhani.

“Babu yangu amelala hapa,” alimwambia mthamini wa serikali aliyekuja kukadiria fidia. “Shamba ni letu.”

Sikudhani alibeba jembe na kikapu kizito kilichofunikwa, akaenda kulipalilia kaburi, akarudi na kikapu kitupu. “Marehemu hana kosa,” alisema.

Mthamini aliamuru kaburi lihamishwe kabla ya bonde kujaa maji.

“Mifupa ilishaoza zamani,” Mbaruku alijitetea.

Lakini jembe la mchimbaji liligonga mfupa, utosi wa fuvu ukachungulia udongoni.

“Ndiye!” Mbaruku alipiga kelele. “Kichwa kikubwa kile kile cha ukoo wetu!”

Wachimbaji walilitoa fuvu. Lilikuwa na pembe mbili.

“Mpeni Mbaruku babu yake akamzike kwao,” alisema Sikudhani, “nami nipeni fidia yangu.”