Pimbi Aliyesindikiza Wageni Wake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya nani?

Ya anayesikiliza!

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Kuna jambo nimelibeba miaka mingi na mpaka leo sijalifumbua. Pimbi alifunguliwa mlango wa kizimba. Akatoka. Akatembea juani kwa miguu yake mwenyewe mpaka kijitoni. Kisha akarudi, akaingia kizimbani, akaketi. Kwa nini? Nimewauliza wengi, na kila mmoja ana jibu lake. Nanyi mtakuwa na lenu.

Hapo zamani za kale, lakini si zamani sana, maana nyaya za chuma zilikwisha kuwapo, palikuwa na msitu. Ndani ya msitu palikuwa na jiwe kubwa, na kwenye jiwe hilo waliishi pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia. Asubuhi kukiwa na baridi, pimbi hutoka mapangoni, hupanda juu ya jiwe, hubanana ubavu kwa ubavu, huota jua.

Katikati ya safu yao palikuwa na pengo. Pengo la Siwema. Siwema alinaswa mtegoni wakati wa kiangazi, akapelekwa kwenye bustani ndogo ya wanyama, upande wa pili wa msitu. Mama yake, bibi kizee, alikaa kando ya pengo lile na hakukubali mtu alizibe. Upepo ukipita, vuuu, unampata yeye. Akaanza kukohoa. Koh! Koh! Kila siku kikohozi kikazidi.

Mdogo wake Siwema aliitwa Chausiku. Siku moja akasema, "Mama, nakwenda kumwona dada. Asubuhi kwenda, jioni kurudi."

"Mwambie pengo lake lipo," mama akasema. "Koh! Mwambie hivyo tu."

Chausiku akapata wenzake wawili wa safari. Wa kwanza Ngedere, aliyeijua njia kwa sababu huko ndiko alikoiba ndizi. Wa pili Nungunungu, aliyependa kutembelea watu, mradi kuna cha kutafuna. Wakafunga majani machanga kuwa zawadi. Wakashika njia. Tii, tii, tii. Wakavuka kijito. Wakafika.

Bustani yenyewe ilikuwa vizimba sita, mpera mmoja na benchi la kukalia watu. Siku ile watu hawakuja, mvua iliharibu barabara. Wanyama wakapenya kwenye tundu la uzio.

Kizimba cha kwanza alikuwamo Kasuku. "Karibuni! Msiguse! Karibuni! Msiguse!"

"Sasa tushike lipi?" Ngedere akauliza.

Kizimba cha pili alikuwamo Chui, mzee, amelala. Wakapita wakinyata. Chui akafumbua jicho moja.

"Na ninyi mmekuja kunitazama?"

"Tunapita tu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Piteni." Akafumba jicho.

Kizimba cha tatu kilikuwa na jiwe dogo la saruji. Juu ya jiwe amekaa Siwema.

"Jamani! Chausiku! Mdogo wangu! Karibuni, karibuni. Nina aibu, siwezi kuwafungulia. Kaeni hapo hapo nje."

Wakakaa. Wakampitishia majani kwenye nyaya. Wakala pamoja, huyu ndani, hawa nje. Wakazungumza wee.

"Umenenepa, dada."

"Ndizi hizo. Kila alasiri mlezi analeta ndoo. Mama hajambo?"

"Anakohoa. Kasema pengo lako lipo."

Siwema akachukua jani moja, akalitafuna polepole sana.

Jua likainama. Ngedere akasema, "Haya, tuage, mlezi asije akatukuta."

"Tuage," Nungunungu akasema.

Hakuinuka mtu. Maana kwa pimbi iko desturi, na majirani wote wa jiwe wameifuata: mgeni haondoki mpaka mwenyeji amsindikize. Na mwenyeji husindikiza mpaka maji ya kwanza. Hapo huaga, hurudi kwake. Mgeni akiondoka peke yake, ni sawa na kufukuzwa. Sasa Siwema atasindikizaje?

Siwema akashika nyaya kwa mikono miwili, akalia. Tangu aletwe pale hakuwahi kulia. "Wageni wangu waondoke hivi hivi? Watu wa jiwe watasema nini?"

Nungunungu akatazama mlango. Kufuli la mlango ule lilipotea siku nyingi, na mlezi alichomeka gunzi la mahindi mahali pake.

"Gunzi hili," Nungunungu akasema, "nimelitamani tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi!" Ngedere akaruka. "Na hukusema?"

"Nilikuja kutembea, sikuja kuvunja nyumba ya mtu. Lakini kama mwenyeji anataka kusindikiza, hilo jambo lingine."

Kwaru, kwaru, kwaru. Gunzi likaisha. Kwiii, mlango ukafunguka.

Siwema akatoka. Akajikung'uta. Akawatangulia wageni wake, tii, tii, tii, anauliza habari za huyu na za yule. Chausiku akamfuata akirukaruka. Dada yuko nje! Aliona tayari lile pengo limejaa, na mama hakohoi.

Wakafika kijitoni. Siwema akasimama. "Haya, wageni wangu. Asanteni kwa kuja. Nisalimieni nyumbani." Akageuka. Akarudi zake.

Wote watatu wakabaki midomo wazi.

"Ndizi hizo!" Ngedere akacheka mpaka akaketi chini. "Kaona jua, kakumbuka ndoo!"

"Koma wewe. Ile ni adabu," Nungunungu akasema. "Mimi nisingeiweza."

"Adabu ya tumbo!"

Chausiku aliwaza: pengine hofu. Pengine mtu akikaa sana mahali, miguu hurudi yenyewe. Hakujua. Akaona kwamba akingoja mpaka ajue, jua litazama na gunzi jipya litachomekwa. Akakimbia.

Akamkuta Siwema ndani, juu ya saruji. Mlango wazi.

"Dada, toka twende nyumbani."

"Nimeshawasindikiza, Chausiku."

"Kwa nini umerudi?"

Siwema akatazama njia. Akatazama mahali ndoo inapowekwa. "Sijui," akasema.

Mara ikasikika kwa mbali. Ng'wa! Ng'wa! Ndoo ya mlezi. Na mlezi anapiga mluzi, anakuja.

Chausiku akafikiri upesi. Akaketi mlangoni kama mtu mwenye nafasi tele.

"Dada, leo nimekuja kwako. Nimekula kwako. Umenisindikiza mpaka majini. Wewe kwangu umekuja lini?"

"Sijaja."

"Na mtu akitembelewa?"

"Naye hutembelea."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Mlango huu hapa. Nafasi gani nyingine?"

Ng'wa! Ng'wa! Ndoo imefika kwa Kasuku. "Karibu! Usiguse!"

Siwema akainuka. Akatafuta zawadi, akaona nusu ya ndizi ya jana. Akaibana mdomoni. Wakatoka mbio kwa nyuma ya vizimba, mlezi asiwaone. Walipompita Chui, alifumbua jicho moja, akaona pimbi wawili, akalifumba.

Kijitoni Siwema akasimama tena. Ngedere akajiziba mdomo.

"Msindikizaji huishia hapa," Siwema akasema.

"Mgeni je?" Chausiku akauliza.

"Mgeni huvuka."

Akavuka.

Jioni ile jiweni, mama akala nusu ile ya ndizi yote, na ganda lake. Asubuhi baridi ilipokuja, Siwema alikaa kwenye pengo. Upepo ukaja, vuuu, ukakosa pa kupita.

Jua lilipopanda, Siwema akasimama. "Nashukuru, jamani. Nimekirimiwa. Sasa nisindikizeni."

Pimbi wote wakamtazama mama. Mama hakukohoa. Akasema, "Siwema ni mgeni wetu, na mgeni haondoki mpaka asindikizwe. Basi kwenye jiwe hili, mtu yeyote asimsindikize."

Ngedere mpaka leo anasema ni ndizi. Nungunungu anasema ni adabu. Mimi nimekaa katikati yao. Hata hili sijui, kama Siwema alikuwa akiomba kusindikizwa kwa moyo, au alitaka tu kukataliwa. Ninalolijua ni funzo lake, nalo ni hili: ukitaka kumtoa mwenzako alipokwama, usimcheke kwa kukaa wala kwa kurudi. Mtafutie njia anayoweza kuipita bila aibu, kisha upite naye.

Hadithi yangu imepanda juu ya jiwe, imeketi, haishuki tena. Uamuzi wa mama haukubadilika, na mtekelezaji wake alikuwa Chausiku. Kila asubuhi Siwema aliposimama na kusema, "Nisindikizeni," Chausiku alisogea kidogo, akapigapiga mahali pake kwa mkono, akasema, "Kesho, dada."