Maua ya Zege

Mkakasi ni kikasha cha nakshi za kuvutia macho. Wahenga waliusifu sana, kisha wakaufungua, na walichokiona ndani ndicho kilichowafanya watuachie methali. Laiti wangefika mwaka 1976 kwenye chuo kimoja cha ualimu kando ya barabara ya Tinde, wangetuachia matusi.

Bweni jipya la wasichana lilikuwa limevishwa mabamba ya zege yaliyomiminwa kiwandani, Dar es Salaam, yakaletwa kwa treni yakiwa na maua ya pamba yaliyochongeka vizuri ajabu. Lilimeremeta kama bibi harusi. Kasoro ilikuwa moja tu: kiwanda kilipewa ramani ya jengo jingine. Basi kila tundu la bamba liliangukia tofali, na kila dirisha likazibwa na zege.

Ndani palikuwa tanuri. Salvina, mwenye pumu, alikesha akihema kama mivukuto ya mhunzi, na rafiki yake Febronia, kiranja wa bweni, akimpepea kwa daftari la hisabati. Siku ya tatu tangu wahamie, Febronia alimwendea mlezi wa bweni, Bwana Eustace.

"Shikamoo, mwalimu. Salvina anakosa pumzi. Tunaomba bamba moja tu liondolewe."

"Marahaba. Jumamosi mgeni rasmi anakuja kufungua bweni. Unataka alikute kibogoyo?"

"Kibogoyo anapumua, mwalimu."

"Toka."

Febronia alitoka, moyo ukimchemka kama chungu cha maharage. Mwenzake afe ili ukuta upigwe picha!

Jumamosi, mgeni aliyasifu maua yale kama mchunga asifuvyo fahali. Febronia, aliyeamriwa kumwonyesha nje tu, alipiga goti.

"Ndugu mgeni, kwetu Ushirombo mgeni haachwi ukutani. Huingizwa ndani, akaketi, akanywa maji."

Bwana Eustace alikohoa mara tatu. Lakini nani hukataa maji ya mwenyeji? Mgeni aliketishwa kitandani kwa Salvina, na mlango ukafungwa kwa adabu, ili vumbi lisimsumbue. Maji nayo yaliletwa kwa heshima kuu, yaani polepole sana.

Mgeni alifungua kifungo kimoja cha suti yake, kisha cha pili. Kando yake Salvina alikuwa akipigania pumzi.

"Binti, fungua dirisha."

"Liko wazi tangu asubuhi, ndugu mgeni."

Mgeni alisogeza pazia, akanyoosha mkono nje. Mkono ukagota kwenye zege. Akaupapasa ukuta ule kwa muda mrefu.

Alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Bwana Eustace alimpa mkasi wa kukatia utepe; akamrudishia.

"Nitakata utepe siku mtakayoyakata haya."

Jumatatu mafundi waliyashusha mabamba. Maua ya pamba yalilazwa bombani, wasichana wakayafulia nguo, na Salvina akasimama dirishani akivuta upepo wa Tinde pamoja na vumbi lake lote. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.