Maji ya Tangi la Kigango

Hadithi hii nilisimuliwa na Hyasinta, jirani yangu, mwaka jana tukipukuchua mahindi uani kwangu. Naiandika ili wajukuu wajue kwa nini wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi hangoji ukauke ndipo aufinyange.

Kwao kule Daa, maji ya kisima kirefu yalikuwa maangavu kama machozi, lakini yalijaa madini ya floraidi, yale yatiayo meno rangi ya kahawia. Basi mvua zilipojaza tangi la kigango, kanisa lao dogo, mkutano uliitwa, wenyeji waamue wenyewe nani ayanywe maji hayo ya mvua yasiyo na floraidi. Ufunguo wa tangi alikuwa nao Bernadina, mama mkwe wa Hyasinta.

Hyasinta alikuwa na mtoto aliyeanza tu kutembea, Emmanueli. Aliomba maji yale watengewe watoto wadogo, ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya ufizi. Alijua yakigawiwa wote, yangekwisha kabla kiangazi hakijakolea.

"Mvua ni ya Mungu!" akapinga Hhando, mwenye kilabu cha pombe. "Kila nyumba ipate ndoo. Au sisi wakubwa hatuna koo?"

"Koo lako limejua maji tangu lini?" mama mmoja akamchokoza. Watu wakaangua kicheko.

"Ya kisima si tutachemsha?" Hhando akaendelea.

"Muuguzi alisema kuchemsha kunaua vijidudu, baba. Madini hayafi," Hyasinta alijibu.

Bernadina akampakata Emmanueli, akamfunua midomo. "Tazameni! Maji ya kisima anakunywa kila siku, na meno meupe kama maziwa. Siku yakianza kubadilika, mwanangu, nitakupa ufunguo."

Hyasinta akainamisha kichwa. Angembishiaje mama mkwe mbele za watu? Mikono ikaanza kunyanyuka kumuunga mkono Hhando.

Ndipo aliposimama Eva, binti mkubwa wa Hyasinta. Mtoto huyo hakuwa akicheka wala kusema ila kiganja kiwe mdomoni.

"Bibi, unakumbuka meno yangu ya utoto? Tuliyarusha pamoja juu ya bati."

"Nakumbuka, mjukuu wangu. La kwanza ulililia sana."

"Yalikuwa na rangi gani?"

"Meupe," Bernadina akasema.

Eva akashusha kiganja. Meno yaliyoota baadaye yalikuwa ya kahawia, yana vishimo kama bati lililoliwa na kutu.

Hhando ndiye aliyetangulia kushusha mkono. "Basi wapewe wadogo," alisema. "Mimi nimeshakauka."

Jioni ile Bernadina alikwenda mwenyewe kigangoni, akarudi na ndoo kichwani. Alimnywesha Emmanueli, kisha akajaza kikombe kingine, akamnyooshea Eva.

"Hayo si yangu, bibi. Mtunzie mdogo wangu."

"Kwako nilingoja mpaka nione," Bernadina alisema, machozi yakimlengalenga. "Nikaona."

Eva akamshika mkono, wakaifunika ndoo pamoja.

Watoto wakalala, na Hyasinta naye akalala. Bernadina alimaliza rozari yake, akaweka ufunguo chini ya mto, akafumba macho. Usingizi ulimchukua midomo ikiwa bado inanong'ona: udongo uwahi ungali maji.