Kopa la Kiapo na Mashavu ya Mama Buku

Ngano, ngano!
Njoo!
Ije vipi?
Ije polepole, uongo wake usimwagike!

Basi, palikuwa na nchi ya ukungu. Asubuhi ukungu, jioni ukungu, na wanyama wake walitembea kama walio usingizini. Huko, aliyeshtakiwa wizi hakuulizwa nani alimwona. Alipewa kiapo.

Kwanza kilikuwa kiapo cha maji. Anayezama ni mkweli, anayeelea ni mwongo. Digidigi akatupwa mtoni, chubwi! Akazama, akawa mkweli, wakamzika kwa heshima zote. Kikaja kiapo cha shoka la moto. Unalishika, chwaa! Mkono unafungwa majani siku tatu, ukifunguliwa umeoza, mwizi ni wewe. Tumbili kiganja chake cheusi mpaka leo.

Ndipo Fisi, mwenye nguvu na tumbo kuliko wote, akajifanya hakimu. Akaleta kiapo cha kopa, muhogo mkavu kama jiwe. "Mkweli atalimeza," akasema. "Mwizi litamkwama." Fisi hutangulia kumeza: ghulu! Mshtakiwa hufuata: kho, kho, kho! Mshtakiwa hufukuzwa, Fisi hurithi nyumba na akiba. Leo Nungunungu: ghulu! Kho, kho, kho! Kesho Kanga: ghulu! Kho, kho, kho!

Siku moja njugu za ghala la wote zikatoweka. Zilikuwa tumboni mwa Fisi, lakini maganda aliyamwaga mlangoni kwa Mama Buku, yule panya mkubwa wa mashimoni. Mama Buku alikuwa na watoto sita, na shimo lenye akiba ya kiangazi kizima. Fisi alilitamani shimo lile.

Alfajiri ngoma ikalia, ti-ndi! ti-ndi! Mama Buku akaitwa barazani. Maskini! Nani angewalisha wale sita? Tena sogeeni, hili sitalisema mara mbili: shavuni mwake, upande wa kulia, mlikuwa na njugu sita. Alikuwa ametoka ghalani muda uleule, akiwaokotea wanawe zile zilizomponyoka Fisi. Mashavu ya buku ni mifuko, mnajua. Akikohoa tu, zote nje!

"Haya, Mama Buku, meza," alisema Fisi.

"Nitameza, Bwana Hakimu. Lakini kumeza, hata bata anameza. Jana niliota mababu, wakaniambia kiapo tunakikosea. Kopa lipakwe mafuta ya nyama, likae mdomoni, lisimezwe, mpaka jua lifike utosini. Tumbo la mwizi halina subira, litalivuta."

"Mafuta ya nyama?" Mate yalimtiririka Fisi. "Nyama gani?"

"Ya nundu, bwana. Nawe utangulie, kama desturi yako."

"Atangulie! Atangulie!" wakaitikia wanyama.

Fisi akaweka lake mdomoni. Mama Buku akaweka lake, upande wa kushoto. Wakakaa. Ukungu ukawafunika mabega. Jua likapanda taratibu, likawa jeupe, likawa la uvuguvugu. Nyuki zzzz, zzzz. Kope zikawa nzito, baraza zima likasinzia. Fisi naye akachukuliwa na usingizi. Akajiona harusini, sinia za nyama zinamjia zenyewe juu ya ukungu, kila moja inamwita kwa jina: Fisi, Fisi, karibu Fisi...

Ghulu!

Wanyama wote wakazinduka.

"Fungua mdomo, bwana," alisema Tumbili.

Fisi akafungua. Mtupu! Mama Buku akafungua kidogo, akalisukuma kopa lake kwa ulimi. Zima, wala halijaguswa na jino!

"Mwizi! Mwizi!" Wakamfukuza Fisi, puru puru puru, mpaka ng'ambo ya mlima. Nungunungu akarudishiwa nyumba yake, Kanga akarudishiwa yake. Shavu la kulia hakuna aliyeliuliza.

Shimoni, watoto wakamrukia. "Mama, kiapo kimesemaje?"

Mama Buku akatema njugu kwanza: tu, tu, tu, tu, tu, tu. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kimesema kweli, wanangu. Kuleni upesi."

Ngano yangu nimeifunga kamba, atakayeifungua aitie chumvi yake. Nanyi shikeni funzo: msiibe, kiapo hakimkosei mwizi hata siku moja. Na anayebisha, afungue mdomo tuone. Mashavu yote mawili.